Nimeitwa kwenye utafiti wa kibofu, na mume wangu hajui hata kama naumwa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 44, mwalimu wa shule ya msingi, naishi Temeke, Dar es Salaam. Nina mume na watoto wanne. Binti yetu mkubwa anaolewa mwezi wa Shaaban, na harusi itakuwa kwetu Tanga.

Nakuandikia jambo ambalo sijawahi kulitamka mbele ya mtu yeyote isipokuwa daktari. Huu ni mwaka wa tatu nasumbuliwa na haja ndogo. Hainiumi. Inakuja ghafla, kama mtu anayegonga mlango kwa fujo, na ikishakuja haina subira. Mchana naenda chooni hata mara kumi na mbili, usiku naamka mara tatu au nne. Kuna siku naugusa mlango wa choo nikiwa tayari nimelowa. Mwaka jana nilikuwa naandika ubaoni, darasa la tano, nikabanwa. Niliwaambia watoto wanakili, nikatoka mbio, sikufika. Mwenzangu aliniazima kanga, nikamwambia nimemwagikiwa chai. Tangu siku hiyo navaa pedi kila siku, na sketi zangu zote ni nyeusi.

Mengi nimeyaacha. Tarawehe nasali nyumbani kwa kuogopa udhu kunitoka katikati ya safu. Maji nakunywa glasi mbili kutwa nzima, lakini chai ya rangi siiwezi kuiacha, hata vikombe vitano nafikisha. Mume wangu nimemdanganya kuwa joto la chumbani linanizidi, nikahamia chumba cha watoto kilicho karibu na choo. Wiki iliyopita aliniuliza, "Mke wangu, nimekukosea nini?" Sikuwa na jibu, nikajifanya nimesinzia.

Miezi minane iliyopita nilijikaza nikaenda hospitali. Daktari alinipima mkojo, akasema sina UTI, ila kibofu changu kina haraka, kinajikaza kabla hakijajaa. Nikashangaa, maana mimi nimekulia kijijini, tumechota maji bwawani na kuogelea humo humo, na sijui kuumwa. Alinipa vidonge. Vimenisaidia kiasi, lakini mdomo unakauka hadi sauti ya kufundishia inakatika, na choo kikubwa kimekuwa kigumu.

Sasa daktari ananiambia kuna utafiti wa dawa mpya ya tatizo hili, na mimi nina sifa za kushiriki. Niache vidonge vyangu kwa wiki mbili, halafu nianze vya utafiti kwa wiki kumi na mbili. Nusu ya washiriki watapewa dawa mpya, nusu watapewa dawa feki, na hata yeye daktari hatajua mimi nimepata ipi. Kila kabla ya kliniki niandike kwa siku tatu nimekunywa nini, nimekwenda chooni mara ngapi, nimelowa mara ngapi. Watanipima damu, presha na mimba, na nitumie njia ya uzazi wa mpango muda wote, wakati mimi na mume wangu hatutumii njia yoyote. Nauli watarudisha. Nimepewa fomu ya kurasa kumi na nne nikaisome, nirudi baada ya wiki mbili. Nikianza sasa, zile siku za kukaa bila dawa zinaangukia kwenye harusi, na Ramadhani inafuata nyuma yake.

Nilimuuliza mama yangu kwa kuzunguka, kwamba kuna mwalimu mwenzangu ameitwa kwenye utafiti. Akasema, "Mwambie akimbie, hao ni mumiani waliovaa makoti meupe." Lakini nikikataa, nitamtazamaje daktari aliyekuwa mwema kwangu? Na kama dawa mpya ndiyo nafasi yangu ya mwisho? Naweza kweli kupita wiki zote hizo bila mume wangu kujua?

Mwalimu, Temeke

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu Mwalimu.

Barua yako niliisoma asubuhi, nikairudia jioni, na mahali paliponishika mara zote mbili ni pale ulipojifanya umesinzia. Umeniuliza uingie kwenye utafiti au usiingie. Mimi naona umefunga maswali matatu kwenye kanga moja: ugonjwa wako, utafiti wao, na mume wako. Tukiyaacha yakiwa yamefungwa pamoja, kila moja litalitia mwenzake giza.

Nianze na kibofu. Ni mfuko wa misuli. Kwa kawaida misuli hiyo inatulia wakati mkojo unajaa, na mtu anapata taarifa mapema, kisha anachagua mwenyewe wakati wa kwenda. Kwako taarifa inafika ghafla na kwa kishindo, kwa sababu misuli inajikaza bila ruhusa, au ubongo unaambiwa mfuko umejaa wakati bado. Hujajiletea mwenyewe. Kuzaa kunaweza kulegeza misuli inayoshikilia njia ya mkojo, lakini hali hii inawapata hata waliokuwa hawajazaa, na wanaume pia. Nilifanya kazi ya uuguzi wodi ya wanawake kwa miaka mingi, na nakuhakikishia wenye sketi nyeusi kama zako ni wengi. Hawajuani kwa sababu kila mmoja anasema amemwagikiwa chai.

Madaktari huliita tatizo hili kwa jina lake, kibofu chenye haraka (kwa Kiingereza overactive bladder), pale tu ambapo hakuna maambukizi wala ugonjwa mwingine unaolieleza. Hapo ndipo mstari wako wa bwawa ulinisimamisha. Ukanda wa pwani, Tanga ikiwemo, ni nchi ya kichocho cha mkojo, ugonjwa wa minyoo wanaoingia mwilini mtu akiwa kwenye maji kama ya bwawa, na mtu anaweza kuishi nacho miaka bila kuona damu. Kwa mwanamke kinaweza kugusa kibofu hata njia ya uzazi, na dalili zake zikafanana na zako. Kipimo cha UTI si kipimo cha kichocho. Kinachotafutwa ni mayai ya mdudu kwenye mkojo, na yanaonekana vizuri zaidi kwa mkojo uliotolewa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Kisukari nacho huwapeleka watu chooni mara nyingi. Huenda daktari wako ameshayaangalia yote hayo na barua yako haikuyataja. Muulize tu. Ingekuwa huzuni ukapita wiki kumi na nne za utafiti kumbe ugonjwa wenyewe ni mwingine, wenye tiba yake inayojulikana.

Sasa utafiti. Wewe una swali lako, nao una lake. Swali lako ni, "Mimi nitapona lini?" Swali la utafiti ni, "Je, kundi lililopata dawa hii limepata nafuu kuliko kundi lisiloipata, na imewadhuru kiasi gani?" Daktari akikutibu, anabadilisha dawa kulingana na ulivyoamka. Kwenye utafiti kipimo cha dawa na tarehe za kliniki vimeandikwa kabla hata jina lako halijajulikana, na yeye hana uhuru wa kukupangia kidonge. Hakuna ubaya hapo, ndivyo ukweli unavyotafutwa. Ila wengi huingia wakidhani utafiti ni matibabu ya daraja la juu, kisha wanaumia moyo. Nafuu inaweza kuja. Haikuahidiwa.

Neno "dawa feki" naomba tuliweke kando, maana kwetu feki ni kitu cha wizi, kile kidonge cha chaki kinachouzwa kwa bei ya dawa. Hiki cha utafiti ni kidonge kitupu, na wamekuambia mapema kwamba kipo. Kinahitajika kwa sababu kibofu kina tabia ya ajabu: katika tafiti za aina hii, hata waliopewa kidonge kitupu wengi wao hupata nafuu kiasi. Moja ya sababu zinazotajwa ni lile daftari lenyewe. Mtu akiandika kila kikombe na kila safari ya chooni, anaanza kuyaona mazoea yake na kuyarekebisha. Bila kundi la kulinganisha, dawa yoyote ingesifiwa kwa kazi iliyofanywa na kalamu.

Lakini gharama ya kidonge kitupu ungeilipa wewe. Wiki mbili bila dawa yoyote, halafu pengine kumi na mbili nyingine ukiwa huna kitu mwilini. Kwa mtu wa safari kumi na mbili mchana na nne usiku, hizo ni wiki ndefu. Na dawa mpya nayo, ukiipata, ina madhara yake. Yanayojulikana yatakuwa yameandikwa kwenye kurasa zako kumi na nne, na utafiti unafanywa kwa sababu mengine bado hayajajulikana. Tafuta pale panapoeleza wakikuumiza nani atagharamia matibabu, na kama kuna bima. Tafuta namba ya simu ya usiku. Ukizidiwa, kuna utaratibu wa kufungua siri ya kidonge ili wanaokutibu wajue umemeza nini. Utazame pia kinachofuata baada ya wiki ya mwisho, maana dawa inaweza kukufaa na ikakatika siku hiyo hiyo utafiti unapofungwa.

Mama yako usimcheke. Hadithi ya mumiani wanaonyonya watu damu imezunguka pwani yetu tangu zama za wakoloni, na hofu iliyo ndani yake ina mizizi. Kule Tuskegee, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, watafiti wa serikali waliwaangalia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kuwa dawa inayojulikana, na hawakuwaambia ukweli. Kwa mambo ya namna hiyo dunia ilijiwekea sheria. Azimio la Helsinki la Chama cha Madaktari Duniani, linaloeleza maadili ya utafiti kwa binadamu, ni la mwaka 1964, na limerekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Kwetu Tanzania Bara, utafiti wa dawa kwa binadamu unahitaji kibali cha maadili, na kwa ngazi ya taifa kinatolewa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, pamoja na kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Fomu yako inapaswa kuonyesha kibali na kukupa mawasiliano ya kamati ya maadili, ili uweze kuuliza watu wasiokuwa wa utafiti ule. Kama havipo, uliza kwa nini kabla hujagusa kalamu. Mumiani hakupi kurasa kumi na nne za Kiswahili na wiki mbili za kufikiri, hilo nalo mwambie mama.

Kuhusu daktari, nauliza kwa upole: je, amewahi kukuonyesha kwamba atanuna? Au deni hili umelipanga mwenyewe moyoni, kama wanawake wengi tulivyofundishwa kulipa wema kwa kukubali kila tunachoombwa? Ushiriki ni wa hiari. Ukikataa, matibabu yako ya kawaida hayapaswi kupungua hata kidogo, na ukikubali unaweza kujitoa katikati bila kudaiwa sababu. Kama unaona tabu kumwambia yeye uso kwa uso, mwambie muuguzi wa utafiti. Ndiyo sehemu ya kazi yake kusikia hapana.

Na ile "nafasi ya mwisho", mwanangu, umeiona wapi? Barua yako inasema umejaribu kidonge cha aina moja. Zipo dawa nyingine za kundi hilo hilo ambazo baadhi ya watu huwakausha mdomo kidogo kuliko nyingine. Lipo kundi jingine jipya kidogo, kama mirabegroni, ambalo kukausha mdomo si kawaida yake ila linaweza kupandisha presha. Ipo sindano inayochomwa ndani ya kibofu kuilegeza misuli, ingawa kuna wanaoshindwa kukojoa kwa muda baada yake hadi wawekewe mpira wa kutolea mkojo. Nini kinapatikana hospitali yenu na kwa bei gani, daktari atakuambia. Sikwambii haya ili uache utafiti. Nataka uingie, kama utaingia, ukijua milango mingine ipo, maana anayeingia kwa kukata tamaa hasomi fomu.

Kisha kuna mazoezi, ambayo barua yako haikuyataja kabisa, na mimi ningeshangaa kama hakuna aliyekufundisha. Ile haja ya ghafla ni kama wimbi, inapanda na inashuka. Sisi tukibanwa tunakimbia, na kukimbia ndiko kunakomwaga. Ikija, simama pale ulipo au kaa. Bana ile misuli ya chini unayotumia kukata mkojo, bana na kuachia upesi upesi mara tano sita, huku akili umeipa kazi nyingine. Mwalimu hakosi, hesabu hata majina ya daftari la mahudhurio. Wimbi likishuka, nenda chooni kwa mwendo wa kawaida. Siku zikienda, unaongeza muda kati ya safari na safari, robo saa kwa robo saa. Inachukua wiki kadhaa kuona matunda, na si kila mtu anafaulu, lakini haikaushi mdomo.

Vikombe vitano vya chai vinakuchokoza zaidi ya unavyodhani, na glasi mbili za maji hazikusaidii: mkojo mzito unakiwasha kibofu, na choo kigumu kinakibana kwa nyuma. Punguza chai pole pole ili kichwa kisikuume, ongeza maji mchana, yapunguze baada ya magharibi. Ila kama utaingia kwenye utafiti, waulize kwanza kabla hujabadilisha lolote, wao wanataka kujua kilichokubadilisha ni nini.

Ramadhani nayo waulize: vidonge vinamezwa saa ngapi, na je, ratiba inaweza kwenda na daku na futari? Usijibadilishie mwenyewe. Na kuhusu udhu, ungejua ni wangapi waliokaa nyumbani kwa aibu kama wewe. Katika fiqhi kuna mlango mzima wa mtu asiyeweza kuuzuia mkojo na jinsi anavyojitwahirisha na kusali. Hukumu yake inategemea hali ya mtu, na hiyo si kazi yangu. Mtafute mwanamke msomi wa madrasa unayemwamini, umweleze wazi. Sidhani kama ulikuwa lazima uiache safu muda wote huu.

Nimechelewa kufika kwa mume wako makusudi. Kisheria na kimaadili, ridhaa ya utafiti ni yako, mtu mzima, na saini yake haihitajiki. Kama nyumba yako ingekuwa na hatari, kama angekuwa mtu wa kupiga au kufukuza, ningekuambia tutafute njia ya kukulinda kwanza. Barua yako hainionyeshi mtu huyo. Inanionyesha mwanaume aliyehamwa chumba, anayeuliza amekosa nini.

Tazama sasa fomu inataka nini. Uzazi wa mpango kwa wiki kumi na nne katika nyumba isiyoutumia. Daftari la chooni. Chupa za vidonge, kliniki, alama za sindano mkononi. Utalificha wapi lote hilo? Na mtu anayejificha huwa anaruka kidonge kwa sababu kuna mgeni, au anajaza daftari la siku tatu kwa kubuni usiku mmoja. Hapo utafiti unapata uongo, na wewe unabaki na madhara ambayo hakuna nyumbani wa kuyaona. Hata ukikataa utafiti leo, siri hii itabaki imelala chumba cha watoto. Ndiyo maana nadhani mazungumzo na mume yana uzito kuliko fomu, ingawa fomu ndiyo iliyopewa tarehe.

Huhitaji hotuba. Jibu tu lile swali alilokuuliza: "Hukunikosea. Naumwa kibofu, nimeona aibu kukuambia." Kisha nyamaza, umwache aseme. Anaweza kukasirika kidogo kwamba ulimwacha gizani miaka mitatu, na ana haki ya kusikitika. Mpe siku. Ukiona maneno hayatoki, mpeleke kliniki, daktari aanze.

Ile tarehe nayo isikutishe. Waulize bado wanapokea washiriki hadi lini. Kama dirisha liko wazi, unaweza kuomba kuanza baada ya Idi. Kama linafungwa wiki hii, utalazimika kupima kukosa nafasi dhidi ya kukaa bila dawa kwenye harusi ya binti yako, na uzito wa vitu hivyo viwili unaujua wewe kuliko mimi. Nimewajua walioingia kwenye tafiti wakafurahi, hata waliokuja kuambiwa walipata kidonge kitupu, kwa sababu walitaka watakaokuja nyuma yao wapate jibu. Nimewajua pia waliokataa wakalala usingizi mzuri.

Harusini nenda, uwe umeingia au hujaingia. Basi la Tanga shika la asubuhi, siti ya upande wa njia karibu na mlango. Kabla ya kupanda ongea na kondakta pembeni, mwambie una tatizo la kiafya na utahitaji kusimamishiwa. Hutakuwa wa kwanza kumwambia. Chai iache siku hiyo hadi ufike, pedi za akiba na kanga viwe kwenye mkoba wa mkononi, visiwekwe buti. Na siti ya pembeni yako, kama moyo umekubali kabla ya siku hiyo, akae baba yao.

Shangazi